Mombasa bila nyama, bila samaki, bila maziwa: mchana nile wapi?

Mgeni wa Tudor

Hamjambo wenyeji wa Pwani. Nimehamia Mombasa miezi mitatu sasa kutoka Kisii. Nafanya hesabu kwenye ofisi ya kupitisha mizigo ya bandarini, karibu na Moi Avenue, na nalala Tudor. Nyama niliacha nikiwa sekondari. Kwetu ni Wasabato na mama hakuwa akiipika, kwa hiyo hata sikusumbuka kuiacha. Mwaka juzi nikaacha na maziwa na mayai. Nyumbani hilo halikuwa neno: ugali, chinsaga (mboga yetu ya majani), ndizi, maharagwe, siku imeisha. (Vidonge vya B12 nakunywa, kabla hamjaniuliza.)

Hapa kila mchana ni mtihani. Naingia hotelini nasema sili nyama. "Hamna shida dada, kuna kuku." Kuku pia sili. "Basi samaki." Samaki nao sili. Hapo mhudumu anainamisha kichwa kama aliyekuja kunipa pole, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Ni daktari amekukataza?"

Wiki jana nilidhani nimepata. Hoteli moja ya jirani na kazini, nimeagiza wali na maharagwe ya nazi, nimeuliza mara mbili kama hamna nyama, nimeapiwa hamna. Nimefika nusu ya sahani, nainua kijiko, jicho linanitazama. Dagaa. Mmoja tu, mzima, na kichwa chake. Nikamwita mpishi. Akacheka, akasema, "Huyo si nyama, huyo ni wa ladha."

Bajeti yangu ya mchana ni shilingi 200, nikijikaza 250. Zile hoteli za kule Nyali zenye ukurasa mzima wa vyakula vya vegani nimeziona kwenye simu, sahani moja ni matumizi yangu ya wiki. Nauliza pahali pa mtu wa kawaida, pa kukaa kwenye benchi, kula na kuondoka. Papo? Au ninunue hotpoti nianze kubeba chakula kutoka nyumbani kama mtoto wa shule?

Nahodha Mstaafu

Bibie, umekuja kisiwani, maji pande zote, halafu samaki hutaki? Ni kama mimi nije Kisii nikatae ndizi. Anza na changu wa kupaka, kipande kidogo tu. Utanishukuru.

Tuktuk la Kuze

Nahodha, mwache dada wa watu.

Dadangu, karibu Mvita. Mimi naendesha tuktuk, egesho langu ni pale Ngomeni, na nyama nimeiacha mwaka wa nne huu. Si kwa dini, wala si kwamba nawaonea mbuzi huruma. Ni kidole gumba cha mguu. Gauti. Kidole kinavimba kama nyanya, usiku shuka likikigusa tu unamtaja Mungu kwa majina yake yote. Daktari akakata: nyama nyekundu, maini, dagaa, supu ya mifupa, mwisho. Nikarudi nyumbani nimenuna, nawaza nitakula nini mimi. Mke wangu akanipakulia kunde za nazi na chapati. Nikala. Usiku wa pili akanipa muhogo wa nazi. Nikala. Siku ya nne ndipo niliposhtuka kwamba hivi vyakula navila tangu nina meno ya utoto, ila hakuna aliyewahi kuviita kitu. Vilikuwa ni chakula tu.

Kosa lako ni lile neno. Hapa ukisema "sili nyama" umesema huli ng'ombe na mbuzi. Kuku ni kuku, samaki ni samaki, na dagaa, kama alivyokwambia yule bwana, ni ladha. Wala hakukudanganya, kwa lugha yake alikuwa mkweli. Kwa hiyo usiulize kama mna nyama. Uliza sufuria: "Hii umeiunga na nini?" Mpishi wa huku ukimuuliza kaunga na nini, atakutajia mpaka bizari, kwa sababu umemuuliza ufundi wake. Ukimuuliza kama kuna nyama anaona unamshuku, anajibu haraka ili uondoke kwenye foleni.

Nikupe siku yangu ilivyo.

Saa kumi na mbili asubuhi, mbaazi na mahamri. Mimi nakula kwa mama mmoja kwenye kichochoro nyuma ya Marikiti. Hana kibao, hana jina, ana meza, benchi mbili na seredani. Mbaazi ziko kwenye sufuria pana, zimelala kwenye tui zito, pilipili za kijani zinaelea nzima nzima, na yeye akichota anapitisha upawa chini kabisa ili usipate tui tupu. Hamri likiwa zuri ndani huwa ni tumbo tupu. Ulibonyeze, linatoa pumzi ya iliki. Ulipasue, uchote mbaazi kwa kipande, ufunge mdomo, ndio hivyo. Mahamri manne ya kumi kumi na sahani ya mbaazi ya hamsini, nakuwa nimetumia 90 na sihisi njaa mpaka saa saba. Hapo hapo pana vitumbua. Mkate wa kumimina usile kabla hujauliza, wengi hutia ute wa yai ili ufure.

Mchana ndipo penye taabu, hilo nakubali. Hoteli za mjini mchana zinapika pilau, biriani na michuzi, basi. Utaambiwa kuna "pilau njeri", yaani pilau isiyo na nyama. (Huyo Njeri ni nani na alimkosea nani, sijui.) Ogopa. Mara nyingi ni pilau ile ile ya sufuria ile ile, wewe wametoa vipande tu, na mchele umeshakunywa supu. Nilifanya mchezo huo Ijumaa moja, Jumapili nilikuwa naendesha tuktuk na ndara mguu mmoja.

Mchana wewe nenda Mwembe Tayari au vuka uende Kongowea, utafute mama wa Kigiriama au wa Kidigo anayepika kwenye kibanda. Hao wana sima na mboga za majani zenyewe: mchicha wa nazi, majani ya kunde, kisamvu, na mtsunga. Mtsunga ni mchungu, mara ya kwanza utakunja uso. Mara ya tatu utakuwa unautafuta wewe. Sima, mboga mbili na kachumbari hazizidi 150. Uliza tu kama kuna ng'onda ndani, maana wengine hutupia kipande cha samaki mkavu. Ukifika kabla ya saa sita na nusu akakuzoea, atakutengea kabla hajatia.

Jioni ndiyo sikukuu. Viazi karai! Kiazi kilichochemshwa, kikavishwa unga wa manjano na kutumbukizwa kwenye mafuta ya moto, unakitafuna na chatini ya nazi au ukwaju. Bhajia za dengu, bhajia za kunde. Ukienda Lighthouse, kule Mama Ngina, kuna wa mihogo. Anachoma kwa makaa, anaupasua ubavuni, anapaka pilipili na ndimu kwa ile ndimu yenyewe iliyokatwa nusu. Pembeni kuna kachri, zile za muhogo nyembamba kama karatasi, moto moto kutoka karaini, na dafu la kushushia. Unakaa ukutani unatazama meli zinaingia Kilindini. Hiyo ni hoteli ya nyota ngapi?

Tahadhari ya jioni ni moja. Tazama sinia lililo kando ya karai. Kama kuna samaki wamelazwa hapo wanasubiri zamu, basi karai ni moja na mafuta ni yale yale. Songa mbele hatua kumi, kuna mwingine.

Ben wa Ganjoni

Tuktuk, kaka, siku nzima umezunguka mji na sisi hukutuona? Babu yangu alishuka bandari ya zamani kutoka Gujarat na hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kupika hata yai.

Dada mgeni, kuna mikahawa ya Kigujarati kisiwani, Haile Selassie Road na mitaa ya karibu, ambayo haijui nyama kabisa. Hakuna cha kuuliza kuhusu mwiko, hakuna cha kuuliza kuhusu karai. Mchana wanaweka thali. Unakaa, unawekewa sinia la chuma lenye vibakuli, dali, mboga mbili, wali, rotli (chapati zetu nyembamba), achari, na mtu anazunguka anaongeza mpaka ufunike sinia kwa mkono. Bei inapita bajeti yako, kwa hiyo ifanye ya siku ya mshahara.

Lakini sikiliza vizuri, kwa sababu wewe umeacha na maziwa. Kwetu kutokula nyama ni jambo la kawaida, kukataa maziwa ni maajabu. Krishna mwenyewe alikuwa mchunga ng'ombe, akiiba siagi jikoni. Rotli ikitoka motoni inapakwa samli kabla hujafumba jicho. Kadhi, ule mchuzi, ni mtindi. Chaas, kile kinywaji, ni mtindi. Dali nyingi zinaungwa kwa samli. Kwa hiyo useme mapema, kabla hujakaa: bila samli, bila mtindi, bila maziwa. Watakuletea rotli kavu na watakusikitikia, lakini watakuletea.

Kwa siku za 200, nenda kwenye maduka ya vitafunio. Kachori, samosa za mbaazi, bhajia za viazi, chevda ya kupima kwa gramu. Kuna kitu kinaitwa patra: majani ya magimbi yanapakwa unga wa dengu uliokorogwa na ukwaju na sukari guru, yanakunjwa kama mkeka, yanapikwa kwa mvuke, yanakatwa vipande vya mviringo. Kwa macho ni kama konokono, usiogope. Hakina maziwa. Dhokla, ile keki ya dengu ya mvuke, ndiyo uiulize, mara nyingi unga wake umelazwa na mtindi.

Na ukiwa Langoni, pale kwenye hekalu la Wajaini (watu wa dini ya kale ya Kihindi), lile la marumaru nyeupe la 1963, ujue hao wametupita sote. Wajaini wanaoshika sana hawali kitunguu, kitunguu saumu, viazi, karoti, chochote kinachong'olewa na mzizi wake, na jua likizama hawali tena. Shangazi yangu aliolewa upande huo. Mwaka wa kwanza alikuwa anakuja kwetu kula viazi kwa siri.

Bi Karai

Assalaam alaykum. Nimesoma yote. Mimi ni mwenye kuuza mahamri, mwaka wa 22 huu, sasa wacheni niseme la kweli hata kama litaniharibia soko.

Mwanangu, huyu dereva kakwambia mahamri kama kwamba mahamri yote ni mamoja. Siyo. Hamri la asili ni unga, tui la nazi, sukari, hamira na iliki. Lakini nazi ikipanda bei, na sasa imepanda, watu wanapunguza tui wanatia maziwa ya unga. Wengine wanatia siagi ya kopo ili liwe laini mpaka jioni. Wengine yai, hao hata siwaelewi, hamri likitiwa yai linakuwa keki. Kwa macho huwezi kujua. Kwa ulimi utajua baadaye sana. Uliza: "Haya ni ya tui au ya maziwa?" Muuzaji wa kweli hataona haya kukwambia. Mimi mwenyewe mwezi wa Machi, nazi ilipokuwa haishikiki, siku tatu nilichanganya maziwa, na aliyeniuliza nilimwambia.

Mbaazi ndizo usizitilie shaka. Mbaazi haiungwi na maziwa, itakataa. Nalaza usiku kucha, alfajiri nachemsha mpaka ukiifinya inapasuka, namwaga maji, natia tui jepesi na kitunguu na pilipili na manjano na chumvi. Nikiona imekauka kiasi ndipo natia kasimele, lile tui la kwanza, zito, na hapo sitoki jikoni hata mtu akibisha hodi. Unakoroga upande mmoja, polepole, moto mdogo. Ukiliacha lichemke kwa nguvu linakatika, mafuta juu, maji chini, na mbaazi zako zimekuwa za kuwapa kuku. Vijana wa sasa wanatia tui la pakiti. Linakwenda. Lakini mbuzi aliye jikoni kwangu ni mmoja tu, yule wa kukunia nazi, na huyo sitamuuza.

Kaimati uliza, kuna wanaokanda kwa mtindi. Halua usile, ni samli tupu. Kashata ya njugu na ya nazi kula, na kahawa tungu kunywa.

Na Ramadhani ikifika usije ukafikiri utakufa njaa kwa kuwa mchana hoteli zimeshusha pazia. Ngoja magharibi. Futari ya watu wa huku ni ndizi za nazi, muhogo wa nazi, kunde, tambi, viazi. Wewe utakula kuliko sisi.

Mgeni wa Tudor

Asanteni sana, sikutarajia. Bi Karai, shikamoo. Maswali mawili. Moja, chapati: naulizaje? Pili, nimeona watu wanakula kitu kwenye bakuli, rojo la manjano lenye viazi na bhajia na vitu vingine vinaelea, harufu yake imenishinda nguvu. Naweza?

Mtoto wa Darajani

Dada, hicho ni rojo, na babu yake yuko kwetu Unguja, ndiye urojo. Supu yenyewe ni salama: unga, manjano, ukwaju au embe mbichi. Taabu ni vinavyotupwa ndani. Huku kwetu muuzaji mkono wake una kasi ya mchawi: kiazi, bhajia, katlesi, yai, mshikaki, chatini, chipsi za muhogo, umeshapewa bakuli kabla hujasema salamu. Kwa hiyo sema ukiwa mbali, hatua tatu kabla ya kufika mezani: "Kiazi na bhajia tu!" Katlesi usidanganyike kwa umbo lake la kiazi, tumboni mwake mna nyama ya kusaga na nje imepakwa yai.

Na kama siku moja utavuka mpaka, nakuongezea tahadhari. Upande huu wa Tanzania usije ukaingia mgahawani ukasema "nataka mboga". Kwetu mboga ni chochote kinacholiwa na wali au ugali. Nyama ni mboga, pweza ni mboga. Nilimpeleka mgeni wangu wa Nairobi Forodhani, akasisitiza anakula mboga tu. Jamaa akamwambia "zipo nyingi", akamletea ngisi. Huku sema "mboga za majani". Na chipsi uagize "kavu", vinginevyo zitakuja na mayai.

Tuktuk la Kuze

Chapati swali ni "samli au mafuta ya uto?" Za vibandani karibu zote ni mafuta ya uto, samli ni ghali, nani akutie samli kwa shilingi 20? Za harusini ndizo za kuogopa. Chapati za maji, zile za kumimina, nyingi zina yai.

Bi Karai, kwa heshima, hayo mahamri ya tui yako wapi nihamie? Yule mama wangu wa Marikiti nimemuuliza leo asubuhi baada ya kusoma maneno yako. Amenyamaza kidogo, akasema, "Tangu lini wewe umekuwa mkaguzi?"

Nahodha Mstaafu

Ha! Maziwa ya unga hayo.

Mgeni wa Tudor

Nimerudi na ripoti ya wiki, maana mmenitendea wema.

Jumatatu nilienda Mwembe Tayari. Vibanda viwili vya kwanza nilishindwa hata kufungua mdomo, watu wamejaa na mimi nina viatu vya ofisini. Cha tatu kilikuwa cha mama mmoja mwenye leso mbili na sufuria nne zimepangwa kwenye matofali. Nikauliza kama nilivyofundishwa: "Hii umeiunga na nini?" Akaacha kupakua. Akafunua sufuria moja moja, akaanza kunihubiria. Hii ni mchicha, ina nazi na nyanya. Hii ni kunde. Hii ina ng'onda, ukitaka isiyokuwa nayo uje kesho mapema. Hii ni mtsunga, wewe wa bara hutauweza. Nikamwambia tia. Kweli ni mchungu, lakini mimi nimekuzwa na rinagu na chinsaga, uchungu tunaujua. Nikamaliza, nikaomba nyongeza. Akaita mwenzake wa kibanda cha pili aje aone. Sima, mchicha, mtsunga na kachumbari, 130.

Jumanne nilifika saa sita kasorobo, akanitengea kunde kwenye kibakuli kabla hajatia ng'onda. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi mvua ilinyesha, kibanda kikafungwa, nikala patra na kachori dukani nikiwa nimesimama. Ben, hiyo patra nimeipenda, ila ya kwanza niliitazama sana kabla ya kuitia mdomoni. Niliuliza samli mpaka mwenye duka akaita mke wake kutoka nyuma, naye akaniuliza swali lile lile la daktari.

Rojo nimeshindwa. Nilipiga kelele "kiazi na bhajia tu" hatua tatu kabla, kijana akaitikia "sawa sista", na yai likaingia hata hivyo. Anasema mkono ulijiendea wenyewe. Alinibadilishia bakuli bila kinyongo na lile la yai akalila mwenyewe, pale pale, mbele yangu.

Ile hoteli ya dagaa sijarudi. Lakini jana nilipita mlangoni, mpishi amesimama nje anapunga hewa, akanitambua, akaniambia maharagwe ya leo hayana "wale wenzako". Nikacheka. Sikuingia.

Kilichobaki ni asubuhi. Nataka hamri la tui, nimeshaliota. Bi Karai, unauzia wapi, na saa ngapi zinaisha?

Bi Karai

Mwanangu, niko Bondeni, kichochoro cha pili ukitoka barabara kubwa, utaona foleni ya watoto wenye mabakuli. Usiulize jina langu hadharani humu, uliza penye mahamri, utaonyeshwa. Natandika baada ya alfajiri, saa mbili nimeshaosha karai.

Jumamosi najua ni Sabato yako, hutanunua, na mimi sitakuwekea deni. Njoo Jumapili. Nazi zimeshuka kidogo wiki hii, kwa hiyo ni ya tui matupu. Dereva naye aje, lakini tuktuk aiache barabarani, kichochoro hakiipitishi, mara ya mwisho mmoja alikwama tukamsukuma na mbaazi ziko motoni. Nahodha akitaka kuja asiulize samaki.

Na kila mtu aje na bakuli lake. Vyangu vimebaki vinne.